Jua Likipatwa, Tuogope Nini?

Kila mara inapovuma habari katika kisiwa chetu cha Unguja ya kuwa jua litapatwa, watu hugawanyika mafungu matatu. Watu wa fungu la kwanza hunena kwamba ni ishara ya msiba, nao hufunga milango yao wakanong'onezana. Wa fungu la pili huwacheka wale wa kwanza, nao hutafuta vipande vya kioo na kuvipaka masizi, wapate kulikodolea jua macho. Wa fungu la tatu, ambalo ndani yake tumo waalimu na wazee wa nyumba wengi, hawanong'oni wala hawacheki. Huwafungia watoto ndani na kuwaambia, "Mkitoka mtapofuka," kisha hudhani wamekwisha timiza wajibu wao. Nasema mafungu yote matatu yamekosa. Nami sisemi kama mtu aliyesimama kando, maana nimepata kuwa katika mawili ya hayo, na gharama yake naijua.

Tuanze na wenye ishara. Tokea mwaka 2010 hata mwaka 2020 jua lilipatwa walau mara nne mbele ya macho ya watu wa Unguja: tarehe 15 Januari 2010 wakati wa asubuhi, tarehe 3 Novemba 2013 jioni, tarehe 1 Septemba 2016 mchana, na tarehe 21 Juni 2020 asubuhi. Siku zote hizo zilijulikana miaka mingi kabla hazijafika, zikapigwa chapa vitabuni pamoja na saa na dakika zake. Je, msiba hupigwa chapa namna hiyo? Tena ni mwaka gani katika hiyo usiokuwa na matanga na arusi, mavuno na upungufu? Mtu akitaka kutafuta msiba baada ya jua kupatwa, hawezi kuukosa. Lakini akiutafuta baada ya siku ya soko, ataupata vile vile.

Wako wasemao kwamba kupatwa kwa Juni 2020 ndiko kulikoleta maradhi ya korona. Basi na wakumbuke kwamba mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa mwezi Machi mwaka ule. Mjumbe gani huyu afikaye miezi mitatu nyuma ya bwana wake?

Nitatoa mfano mwingine, nao nautaja kwa huzuni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama baharini kati ya Unguja na Pemba, wakafa mamia ya ndugu zetu, wake kwa waume na watoto wachanga. Mwaka ule mzima jua halikupatwa hata mara moja mbele ya macho yetu. Msiba mkubwa kuliko yote ya siku zetu ulikuja bila ya ishara yo yote juani. Wala haukuhitaji ishara, kwa maana sababu yake ilikuwa bandarini, machoni pa watu: chombo kilipakiwa watu na mizigo kupita kiasi chake. Hapa ndipo nionapo ubaya wa habari za ishara. Si kwamba ni ujinga tu. Ni kwamba humwachilia mwenye kosa. Mtu akisema jua ndilo lililotuletea mauti, amekwisha msamehe aliyejaza chombo, na kesho chombo kingine kitajazwa.

Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya dini, usiyaguse." Nami nasema dini haimwungi mkono. Jirani zetu Waislamu husali sala maalumu jua linapopatwa, nayo ni desturi njema ya kumkumbuka Muumba. Lakini wenye elimu miongoni mwao hutufundisha habari hii: mwaka 632, alipokufa Ibrahimu, mtoto mdogo wa Mtume wao, jua likapatwa siku ile, na watu wakasema kwamba limemwomboleza mtoto. Baba mwenyewe, katika majonzi yake, aliwakatalia, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake. Na sisi Wakristo, tulioizoea habari ya giza la siku ya msalaba, tusiitumie vibaya. Pasaka ya Wayahudi huangukia wakati wa mwezi mpevu, na mwezi mpevu huwa upande wa pili wa dunia, mbali na jua, hauwezi kuliziba. Basi giza lile halikuwa kupatwa kwa jua, wala kupatwa kwa jua kusifananishwe nalo.

Sasa na tuulize, kupatwa kwa jua ni nini hasa? Wapo wazee waliosimulia habari za joka limezalo, na wapo vijana wadhanio kwamba maelezo yake ni elimu ya Ulaya isiyotuhusu. Wote wawili nawapeleka pwani. Mvuvi wa Nungwi au wa Chwaka ajua pasipo kufundishwa na mtu kwamba maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana mara mbili kila mwezi, mwezi uandamapo na uwapo mpevu; wakati huo twauita bamvua. Mwanamke alimaye mwani huko Paje na Jambiani huipanga kazi yake kwa bamvua, maana ndipo bahari iendapo mbali akapata kuingia shambani mwake. Bamvua hutokea kwa sababu jua, mwezi na dunia vimesimama karibu na mstari mmoja, jua na mwezi vikayavuta maji pamoja. Basi kupatwa kwa jua ni jambo lilo hilo, ila mstari umenyooka zaidi. Mwezi mwandamo, upitapo kati yetu na jua, hutuzibia nuru, na kivuli chake hutuangukia. Kwa hiyo jua halipatwi wakati mwingine wo wote ila mwishoni mwa mwezi wa kuandama, wala halipatwi siku ya maji mafu. Mvuvi wetu anayo nusu ya elimu hiyo tangu utoto wake. Hakuna aliyemwambia tu kwamba anayo.

Mtu atauliza, "Mbona basi jua halipatwi kila mwezi uandamapo?" Ni kwa kuwa njia ya mwezi imeinama kidogo, kadiri ya digrii 5, hata mara nyingi hupita juu au chini ya jua bila ya kuligusa. Na mwezi mdogo huwezaje kuziba jua kubwa? Upana wa mwezi ni kilomita 3,476, na upana wa jua ni mara 400 hivi kuliko huo. Lakini jua nalo li mbali nasi mara 400 hivi kuliko mwezi. Ndiyo maana machoni petu vyaonekana sawasawa, kama vile kidole kilicho karibu na jicho kinavyoweza kuziba mnazi mzima.

Kiini cha kivuli hicho ni chembamba, hupita katika nchi kama njia ya barabara, na watu walio ndani yake peke yao huona jua likizibwa katikati. Pembeni ya njia hiyo, kwa maelfu ya kilomita, watu huona sehemu tu ikizibwa. Tarehe 1 Septemba 2016 njia ilipita kusini mwa Tanzania, na huko Rujewa, katika wilaya ya Mbarali, watu walikusanyika kutoka mbali wakaona jua limekuwa kama pete. Sisi wa Unguja tulikuwa pembeni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2010, 2013 na 2020: kila mara fungu letu lilikuwa sehemu, wala si jua zima.

Neno hilo "sehemu" ndilo nitakalo mlishike, kwa maana hatari yote imo ndani yake. Watu wakisikia kwamba jua litapatwa hungoja giza, wangoje na kuku wapande kulala. Giza lisipokuja husema, "Wametudanganya," nao huinua nyuso zao juu wapate kuhakikisha. Basi jueni mapema mtakayoyaona. Upande mmoja wa jua huanza kumegwa polepole, kama mkate ulioumwa. Jambo lote huchukua saa mbili au tatu tokea mwanzo hata mwisho. Sehemu iliyozibwa ikiwa ndogo, hamtaona tofauti yo yote katika nuru. Sokoni Darajani watu watauza na kununua wasijue lo lote. Sehemu ikiwa kubwa, kama mchana ule wa 2016, nuru hufifia kana kwamba ni alasiri, ingawa vivuli ni vifupi vya saa sita, na joto hupungua kidogo. Giza halitakuja.

Nuru ile iliyopungua ndiyo imdanganyayo mtu. Siku zote ukali wa jua ndio ulinzi wa macho yetu: ukilitazama, mara hugeuza uso. Jua likizibwa nusu, ukali huo hupungua kwa jumla, nawe waweza kulikazia macho. Lakini ile sehemu iliyobaki wazi ina moto ule ule wa kila siku, haikupungua hata kidogo. Tena ndani ya jicho, kule nyuma pokeapo nuru, hamna neva za kuona maumivu. Jicho huungua kimya. Mtu hulala salama, akaamka asubuhi akikuta doa katikati ya kila kitu akitazamacho.

Nami najua, kwa kuwa nimelitenda kosa hilo. Jumapili ile ya tarehe 3 Novemba 2013 nilikuwa nimeketi na ndugu zangu pwani ya magharibi, jua likielekea kuchwa. Mimi ndiye niliyekuwa na elimu kati yao. Niliwacheka akina mama waliokimbilia majumbani, nikachukua kipande cha kioo, nikakifukiza moshi wa kibatari mpaka kikawa cheusi, nikampa mdogo wangu wa kiume. Alitazama kwa muda mrefu, naye alifurahi sana. Wala hapakuwa na mtu mwingine aliyemfundisha ila mimi. Yeye sasa ni fundi cherehani. Jicho lake la kulia haliwezi kutunga uzi katika sindano. Akikutazama kwa jicho hilo, aona masikio yako na mabega yako, lakini uso wako haupo. Tabibu wa macho alitwambia kwamba ndani pameungua, wala hana dawa ya kupaponya. Mdogo wangu hajapata kunilaumu hata siku moja, nami naona afadhali angalinilaumu.

Kwa hiyo nasema kwa nguvu zangu zote: kioo cha masizi hakifai. Picha ya eksirei haifai, wala miwani ya jua ya kawaida hata ikiwa nyeusi namna gani, wala kulitazama jua katika ndoo ya maji. Vitu hivi hupunguza nuru ionekanayo, ikawa kana kwamba jicho limekingwa, lakini hupitisha ile isiyoonekana, nayo huunguza vile vile. Anayewapa watoto vitu hivyo kwa jina la elimu ni mbaya kuliko yule mwenye kuogopa joka, kwa maana yule wa joka, pamoja na ujinga wake wote, mtoto wake yu ndani na macho yake ni mazima.

Mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ilipofika ile siku ya Septemba 2016 nilihamia fungu la tatu. Niliwakusanya watoto wote wa nyumba yetu, nikawafungia chumbani, nikaziba madirisha, nikawaambia kwamba atakayetoka nje atapofuka. Mimi nikaketi mlangoni kama askari. Ilipokaribia saa sita, binti wa dada yangu akapiga kelele, "Mjomba, njoo uone, mwezi umeanguka sakafuni!" Nikaingia. Paa letu ni la bati, na ndani ya bati mna matundu ya misumari. Kila siku nuru ya jua hupenya humo ikatua sakafuni kama sarafu za mviringo, wala hakuna aliyezijali. Siku ile sarafu zote zilikuwa zimekuwa hilali, nyembamba, zimepangwa sakafuni kama samaki dagaa. Watoto walikuwa wakizihesabu. Wamelitazama jua likipatwa kwa saa nzima, wakaona kila hatua yake, na migongo yao ilikuwa imelielekea jua. Mimi mwalimu wao, niliyekuwa mlangoni, sikuwa nimeona kitu.

Nilijifunza mambo mawili siku ile. La kwanza, kwamba nilikuwa nimewaambia uongo. Jua lililopatwa halitoi sumu. Mtu aweza kutembea nje, kulima, kuanika dagaa na kwenda sokoni, hata mwanamke mwenye mimba. Hakuna kitu kimwangukiacho ambacho hakikumwangukia jana. Kilichokatazwa ni kimoja tu, kulitazama jua lenyewe. Mtoto aliyeambiwa kwamba akitoka atapofuka, naye akachungulia nje asipofuke, amekwisha jua kwamba mwalimu ni mwongo. Mara nyingine tutakapomwambia neno la kweli, hatalisikia. Na la pili, kwamba njia ya salama ilikuwa juu ya vichwa vyetu siku zote, wala haina bei.

Njia yenyewe ni hii. Twaa kipande cha boksi au karatasi ngumu, utoboe tundu moja dogo kwa sindano. Lipe jua mgongo. Inua karatasi ile hata nuru ipenye tunduni na kuangukia karatasi nyingine nyeupe, au ukuta, au ardhi iliyofagiwa. Utaona jua dogo. Karatasi mbili zikiwa mbali mita moja, jua hilo litakuwa na upana wa milimita 9 hivi, kadiri ya punje ya hindi. Ukitaka liwe kubwa zaidi, ongeza umbali. Wala usichungulie jua kupitia tundu hilo. Tundu ni la nuru, si la jicho. Chini ya mwembe matundu yaliyo kati ya majani hufanya kazi ile ile, na chini ya paa la makuti vile vile. Walio Mji Mkongwe, wenye vyumba vya kuta nene na madirisha ya mbao, na wachukue kioo kidogo cha kujitazamia, wakifunike kwa karatasi yenye tundu, wakipeleke juani ili nuru irukie ukuta wa chumba chenye giza. Watazame ukuta, wasitazame kioo.

Mtu akitaka kulitazama jua lenyewe, asitumie ila miwani maalumu iliyoandikwa ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu, au kioo kizito namba 14 cha mafundi wa kuchomelea vyuma. Wala asitumie darubini huku amevaa miwani hiyo, kwa maana darubini hukusanya moto wa jua ukaipenya.

Najua jibu la waalimu wenzangu. Watasema, "Watoto ni wengi, mwalimu ni mmoja, kumfungia mtoto ni rahisi kuliko kumfundisha." Ni kweli, ni rahisi. Lakini mlango tutakaoufunga ni wa siku moja. Mtoto atakua, atakwenda Dar es Salaam au Maskati kutafuta kazi, na jua litapatwa akiwa huko bila ya sisi. Atakachochukua kutoka kwetu ni nini? Akichukua hofu tu, itamtoka siku ya kwanza atakapochekwa na wenziwe. Akichukua karatasi yenye tundu, na sababu yake, atawafundisha wale wanaomcheka.

Siku yenyewe imekwisha julikana. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote huko Misri, na mjini Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita. Kivuli kitavuka Arabuni na kufika ncha ya Somalia. Unguja, baada ya adhuhuri, itapata sehemu tu, tena pungufu ya nusu. Nuru haitabadilika. Kuku hawatalala. Watu watasema hakuna kitu, na vijana watainua nyuso zao juu wathibitishe kwamba hakuna kitu. Siku hiyo itakuwa ya hatari kuliko ile ya 2016, kwa kuwa hakuna atakayeiogopa.

Basi, ewe mwalimu, na wewe mama mwenye nyumba, na wewe mzee wa kanisa ambaye watu hukuuliza habari: mkisikia neno la ishara, likataeni mbele ya watu. Mkiona kioo cha masizi mkononi mwa mtoto, mnyang'anyeni. Na mkiwa na ufunguo mkononi, urudisheni mfukoni, mkawatoe watoto nje na karatasi zao, migongo yao ikilielekea jua. Mdogo wangu ameniomba niandike haya. Nilimsomea yote kabla ya kuyapeleka chapani, naye aliongeza neno moja tu: "Waambie haliumi. Waambie ndiyo sababu."